Maji ya Uwanja wa Mama

Kwa miaka mingi mama yangu aliosha uwanja wake kabla hajaosha uso. Akishaswali alfajiri, alikunja kitenge kiunoni, akamwaga ndoo ya maji kuanzia mlangoni, akasugua saruji kwa ufagio mgumu mpaka ikatakata, kisha akayasukuma maji yote kwenye kona ya chini yakapotea. Ole wako upite pale na viatu vyenye udongo! Mimi ni binti yake wa kuzaa, nina watoto wangu na cherehani zangu mjini, lakini nimeshavuliwa viatu mlangoni mbele ya mume wangu kama mtoto wa madrasa. Nikinuna, mama ananiambia, "Nuna tu, lakini ununie kule inje."

Saruji ya uwanja ule aliimwaga baba. Kabla yake tulikuwa na udongo mtupu, na udongo wa mlima wetu ukilowa hausimamiki. Msimu mmoja wa mvua mama aliteleza na beseni la nguo, akavunjika mkono. Baba alikuwa muuza vitenge, si fundi. Mikono yake ilizoea kupima nguo kwa mita. Lakini kiangazi kilichofuata alinunua saruji, akapandisha mchanga, akakataa katakata kumwita fundi. Alimwaga mwenyewe, kipande kwa kipande, amekaa juu ya gunia kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. "Hutateleza tena," alimwambia mama. Mvua ziliporudi, tulikuwa tumeshamzika. Basi nilipomwona mama ameinama anasugua saruji ile, nilijua yuko na mumewe, na nilinyamaza, jambo ambalo kwangu mimi si rahisi.

Nina mdomo, sikatai. Ujana wangu niliupitisha Mwanza kwa mjomba, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha watu wa kwetu, na mama huwa ananicheka: "We unasema sawa redio." Lakini ni Kiswahili cha kwetu kilichonilea, cha "njo" badala ya "ndio" na "juu" badala ya "kwa sababu" au "ili", hapa Gisenyi, ubavuni mwa mlima Rubavu. Ukisimama mlangoni kwa mama unaliona ziwa lote, na mabati ya Goma yanang'aa ng'ambo ya mpaka. Asubuhi unawaona watu wanavyoteremka na mizigo kichwani kwenda Grande Barrière, kivuko kikuu cha mpaka. Nyumba zenyewe zimepandana. Paa la jirani wa chini liko usawa wa miguu yako, na wewe uko usawa wa miguu ya jirani wa juu. Mtu akipiga chafya unamwombea afya bila kutoka ndani.

Jirani wa chini alikuwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa upande wa Goma, Mkatoliki wa kuimba kwaya, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alivusha nyanya na vitunguu mpakani kila siku ya Mungu, isipokuwa Jumapili. Yeye na mama waliitana "muturanyi", yaani jirani kwa Kinyarwanda, na sijawahi kuwasikia wakiitana vinginevyo.

"Muturanyi, umeamuka?" mama anaita akiwa ukingoni mwa uwanja.

"Nimeamuka, we je?"

"Mi niko. Magoti njo haijaamuka."

Sahani ya pilau ya Idi ilishuka kwake kwa kupokezana mikono juu ya ukingo ule, na siku ya Noeli chapati zikapanda vivyo hivyo. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekaa na mama jikoni siku zote za msiba, akipepeta mchele na kuwafukuza wenye maneno mengi. Mimi mwenyewe nilifukuzwa. Nilimpenda yule mama, na ninasema hivyo hapa mapema ili ieleweke kwa nini nilikuja kumkasirikia.

Nyuma ya nyumba yake, katikati ya ukuta na ule ukingo wa kwetu, alikuwa amepanga magunia. Aliyajaza udongo na mawe meusi ya volkano, yale tunayoyaita makoro, akapanda vitunguu na lengalenga, mchicha wa kwetu, juu yake. Kila msimu safu iliongezeka. Mama aliinama ukingoni akashangaa. "Angalia mutu anajua kulima bila shamba!" alisema, na yule jirani akacheka, akamkatia fungu la lengalenga.

Sasa niseme kidogo juu ya mlima wenyewe. Mji wetu hauna pa kunyooshea miguu. Huku ziwa, huku mpaka, huko juu mashamba ya viazi mpaka chini ya volkano. Ufukweni ni hoteli na nyumba za wenye nazo. Kwa hiyo mtu anayeishi kwa mpaka, fundi cherehani, mbeba mizigo, muuza maziwa, anatafuta mahali ambapo anaweza kwenda kazini kwa miguu, na mahali hapo ni juu. Tulipokuwa watoto kulikuwa na miti na matuta ya maharage pale ambapo leo ni mabati. Sikuona siku hata moja ambapo mlima ulijaa. Palikuwa na nyumba moja, kisha ya shemeji yake, kisha ya mpangaji, na siku moja ukiinua macho huoni tena majani.

Na sisi watu wa mlima ule tunapenda usafi kupita kiasi. Mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa kijiji chetu, akipita kukagua nyumba, mwenye udongo uwanjani anaona aibu hata kama ameufagia. Kwa hiyo baada ya baba, jirani wa kushoto akamwaga saruji. Wa juu akamwaga. Yule mzee mstaafu wa juu kabisa akaweka vigae, eti saruji inapauka. Tulisifiana. Tulisema mlima wetu sasa unapendeza, umekuwa kama mji wa watu. Hakuna aliyejiuliza mvua iliyokuwa inanywewa na udongo wa nyumba zote zile sasa inakwenda wapi. Maji yakishatoka kwako, ni nani anayeyafuata?

Masika fulani yalikuwa makali. Upande wa pili wa mlima nyumba zilishuka na udongo, na watu walipoteza walichokuwa nacho. Baada ya hapo tukatangaziwa kwamba wataalamu watapita nyumba kwa nyumba. Zilizo mahali pa kufaa zitabaki. Zilizo kwenye manegeka, mahali pa mteremko wa hatari, wenyewe watahama. Mama akaacha kula vizuri. Nilimpelekea samaki wadogo wa ziwa, sambaza wa kukaanga anaowapenda, akawachezea kwenye sahani.

"Mi sihami," aliniambia. "Baba yenu iko hapa."

"Mama, baba yuko makaburini."

"Kule njo walimuweka. Hapa njo aliko." Akaonyesha saruji kwa kidevu.

Nilifura. Nilijisemea, na aje huyo mtaalamu, ataniona.

Akaja, tena siku niliyokuwapo. Nilitegemea mwanamume mwenye kitambi. Alikuwa binti mdogo, mhandisi, na mabuti yaliyojaa tope la mitaa ya watu. Alikulia Karagwe, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na hilo nalo likaniudhi. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mtoto wa juzi wewe, ndiye utakayetuambia pa kulala?"

"Shikamoo, dada," akasema. "Nimekuja kuangalia nyumba. Ya umri tutaongea nikimaliza."

Kisha akauona uwanja, akainama, akavua mabuti yake bila kuambiwa. Mama alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akishusha pumzi. "Muache apite," akasema. "Huyu alilelewa."

Binti yule alifanya kazi yake taratibu, na soksi zake zikiwa na tundu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akagonga ukuta wa makoro aliojenga babu yangu, akachimba kidogo kwa chuma kuona tumekaa juu ya nini. Alifungua kila mlango akaufunga. Alituambia kwamba nyumba ikianza kuondoka, mlango ndio unaolalamika kwanza. Milango ya kwetu ilifunga bila kelele. Aliangalia paa, akauliza kama tuna mfereji wa kukinga maji ya mabati. Hatukuwa nao. Baada ya hayo akaomba ndoo ya maji.

"Unataka kunawa?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Nataka kuona yanakoenda."

Akaimwaga pale mlangoni, mahali palepale mama alipomwaga kila asubuhi. Maji yakatambaa juu ya saruji ile laini, hayakusita hata mara moja, yakaenda moja kwa moja kwenye kona ya chini yakaruka. Tukayafuata, wote watatu, tukainama ukingoni. Yaliangukia nyuma ya nyumba ya jirani, juu ya magunia ya vitunguu, yakajigawa katikati yake, yakazama chini ya ukuta. Akaomba ndoo nyingine. Ikafanya vilevile.

"Mama, nyumba yako imeshika mwamba," binti akasema. "Unaweza kubaki."

"Alhamdulillahi!" mama akasema, akakaa chini palepale. Mimi nilipiga kigelegele, majirani wakachungulia. Nikataka hata kumkumbatia yule binti, lakini yeye hakucheka. Alikuwa bado anaangalia chini.

"Naomba tushuke kwa jirani yenu," akasema.

Jirani alikuwa amerudi mpakani muda si mrefu, bado ana vumbi miguuni. Alitukaribisha vizuri, akatafuta viti. Binti alishika mlango wa nyuma, haukufunga. Chini yake ulikuwa umekatwa kwa randa, tena si mara moja, mpaka ubao umekuwa mfupi. Ukutani, nyuma ya kitanda, kulikuwa na kitenge kimetundikwa kama pazia, ilhali hapakuwa na dirisha. Binti akaomba ruhusa, akakiinua. Ufa ulikuwa unatoka sakafuni mpaka karibu na mabati, na mkono wangu ungeingia. Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wa huyu ulikuwa umezibwa kwa kitenge. Nilikijua kile kitenge. Kilitoka dukani kwa baba.

Tukaenda nyuma. Binti akavuta gunia moja la vitunguu, chini yake kukatokea gunia la zamani lililooza, na chini ya hilo jingine tena.

"Haya uliyaweka kwa ajili ya mboga?" akauliza.

Jirani aliangalia vidole vyake. "Mboga ilikuja kisha," akasema.

Mama alikuwa amesimama chini ya kona ya uwanja wake mwenyewe, mahali ambapo nadhani hakuwahi kusimama maisha yake yote, kwa sababu walizoea kuongea mmoja juu, mmoja chini. Saruji ilikuwa bado inadondosha yale maji ya ndoo. Tone moja lilimwangukia begani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ile mvua ya kwanza, kisha ya kuzika bwana yako."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, muturanyi? Kila asubui nakuona unaosha ile simenti. Unalia kidogo, unaosha. Mi nipande kule niseme, vunja kazi ya marehemu?"

Yebabawe! Nilitaka kumkumbatia na kumtikisa kwa wakati mmoja. Misimu yote ile! Mvua ikinyesha sisi tumelala fofofo juu, yeye chini anahamisha kitanda. Asubuhi anajaza gunia, anachomeka vitunguu juu ili mama asiulize, na mama akiuliza habari za asubuhi anajibu ameamka salama. Kwetu mtu aliyefiwa haendewi na malalamiko. Hilo tumefundishwa wote, Waislamu na Wakristo, na ni jema. Lakini nani aliyesema msiba unaendelea hadi nyumba ya mtu ianguke? Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, nikilia. Akanijibu, "Tulia, mwanangu, utaamsha mutoto ya watu," maana jirani wa pembeni alikuwa na kichanga.

Yule mhandisi hakutuficha. Alisema ukuta wa nyuma umekula maji mengi, na hajui umebaki na nguvu gani. Maji ya juu yakizuiwa, atarudi mvua zikishapita kuona kama nyumba inaweza kubaki. Alisema pia kwamba si ya mama peke yake. Kila uwanja wa juu unamwagia wa chini, na mkondo wote unaishia kuzama chini ya nyumba hii. "Sitaki kuwaahidi kitu," akasema. Alipoondoka nilimwomba radhi kwa yale ya mlangoni, akaniambia ameshasikia mabaya kuliko hayo, tena asubuhi hiyohiyo.

Kesho yake nilipanda na mbeba mizigo mmoja mwenye kifua kipana, nimemkodi avunje saruji. Nikamkuta mama ameshaazima nyundo kubwa kwa fundi wa jirani, ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, leta hiyo. Mkono wako ule ulivunjika."

"Toka."

"Utaumia!"

"Nimesema toka. Hii hapana kazi ya mutu ya kulipa."

Akasema Bismillahi, akapiga. Nyundo ikaruka tu, baba alikuwa amemwaga saruji nene. Akapiga tena. Ilipopasuka mara ya kwanza, mama alitoa sauti ambayo niliisikia siku ya mazishi, na mimi nikageuza uso nikaangalia ziwa. Yule mbeba mizigo naye akavua kofia, maskini, akakaa nayo mkononi hajui afanye nini.

Jirani akapanda mbio. Hakwenda mpakani siku hiyo. "Acha, muturanyi! Acha, nakuomba, mi nitahama, acha!" Akashika mpini wa nyundo. Wakavutana pale, wazee wawili, hata ningecheka kama nisingekuwa nalia.

Mama akamwambia, "Bwana yangu alitia hii simenti juu nisianguke. Hakuitia juu we uanguke. Niachilie."

Akamwachilia. Akachukua beseni, akaanza kuokota vipande. Tulifanya kazi hiyo hadi alasiri, mimi na mama na mbeba mizigo tukipokezana nyundo, maana baadaye mama alikubali. Katikati ya kazi jirani akakumbuka siku baba alipomwaga kipande cha mwisho, akajizungushia saruji mbichi mpaka akakosa pa kupita, ikabidi akae juu ya gunia lake kama kisiwa, mama akimrushia mandazi. Tulicheka mpaka mama akakaa chini. Tulikuwa hatujacheka habari za baba tangu afe.

Pale kona ya chini tulichimba shimo refu, tukalijaza makoro na changarawe ili maji yanywewe polepole. Mume wangu akafunga mfereji kwenye mabati na pipa kubwa la kukingia. Ukingoni tukapanda majani marefu ya mabingobingo, mizizi yake inashika udongo. Siku ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo watu wote hutoka kufanya kazi ya pamoja, mama alisimama mbele ya majirani akawaeleza mambo ya ndoo. Wengine walielewa mara moja. Yule mzee wa vigae akasema vigae vyake vilitoka mbali. Nikamwambia na maji yake nayo yanakwenda mbali, akitaka nimwonyeshe yanapolala. Mama alinifinya. Lakini mzee alishuka kweli, akautazama ule ufa kutoka sakafuni hadi juu. Hakuvunja vigae, ila alichimba shimo kubwa kuliko letu. Wapo waliofunga mageti, na hadi leo wamefunga.

Mvua ya kwanza kubwa ilitukuta mimi na mama tumekaa mlangoni. Uwanja ulikuwa udongo tu, na njia nyembamba ya mawe mapana ili mama asiteleze. Maji yaliteremka kutoka mabatini, yakaingia pipani; mengine yakazama shimoni, yakaguguma huko ndani. Tulisikiliza. Kisha ile sauti kubwa ikapanda kutoka chini, inashindana na mvua.

"Muturanyiii! Haijafika! Kukavu!"

Mama akapiga makofi kama msichana. "Kukavu?"

"Kukavu, nakuapia! Mi nimekaa hapa nyuma na kiti!"

Nikaamini mambo yamekwisha. Niliwahi hata kumshonea jirani pazia la kweli la chumbani, nikamwambia kile kitenge sasa akivae. Alikivaa kanisani.

Mhandisi alirudi mvua zilipotulia. Alikaa nyuma ya ile nyumba muda mrefu, amepiga magoti, akaingiza kile chuma chake chini ya msingi. Kikaingia chote, na mkono wake ukafuata hadi kwenye kiwiko. Alipotoka alikuwa amejaa udongo mashavuni. Alimwomba jirani akae kwanza.

Akasema maji yamekwisha kweli, na tumefanya jambo zuri. Lakini udongo wa chini ya ukuta uliondoka miaka iliyopita, kidogo kidogo, na mawe ya msingi yamebaki yananing'inia. Asilale mtu tena humo ndani. Na nyumba nyingine haitajengwa pale. Patapandwa miti na majani.

"Kwa hiyo tumevunja bure?" nikamrukia. "Mama amevunja bure?"

"Si bure, dada. Ukuta huu ungeshuka na maji, ungezibeba nyumba za chini na watu wake. Hawa wamepona." Akafuta udongo shavuni. "Ningependa kuwaletea jibu jingine. Sina."

Jirani akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua," akasema. "Mutu anajua nyumba yake." Akamshukuru binti yule, akamletea maji ya kunawa.

Waliojenga nyumba ile kwa umuganda, zamani, ndio walioibomoa kwa umuganda. Mabati yalitoka kwanza, kisha milango, pamoja na ule mfupi. Makoro ya ukuta yalipandishwa mlimani mkono kwa mkono, kila mtu anampokea wa chini na kumpa wa juu, yakajengewe kuta za kushika udongo. Mwana wa jirani alikuwa ameshuka kutoka Bugeshi na gari lake dogo la viazi. Ni kijana mwema, ana mke na ng'ombe. Alisema mama yake atakaa kwake. Watu wakasema vizuri, mtoto ndiye mwenye haki. Lakini Bugeshi ni juu, chini ya volkano, baridi yake inauma mifupa, na mpaka wake si mpaka wa kuvusha nyanya asubuhi na kurudi na habari za Goma mchana.

"Iko maziwa mingi kule," jirani alikuwa anawaambia wote. "Nitanenepa."

Kila mtu alisema yaliyo ya adabu. Bon, afya ndiyo kila kitu. Bugeshi si mbali. Tutakutembelea. Mama naye akasema ya adabu. Alimfungia chapati kwenye kitambaa, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamtakia safari njema, wakapeana mkono kama watu waliokutana benki. Nikaona midomo ya mama imekazana, na ya yule mwingine vilevile, na moyo ukaniuma vibaya sana.

Jirani akateremka hadi kwenye gari, akapanda mbele, na sufuria zake mapajani. Mwanawe akawasha gari. Ndipo mama alipoondoka pale aliposimama, akashuka njia ile ya mawe upesi kuliko nilivyodhani magoti yake yanaweza, akafungua mlango wa gari, akachukua sufuria ya juu kutoka mapajani mwa mwenzake.

"Chumba ya watoto iko tupu," akasema. "Shuka."

"Aah, muturanyi. Nitakuja kukusumbua."

"Unisumbue!" mama akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi mbele ya mlima mzima. "Unisumbue asubui, unisumbue magaribi. Ungelinisumbua tangu ile mvua ya kwanza, leo ungekuwa na nyumba yako. Shuka."

Akashuka.